Boneti na Mashavu ya Ngege

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za mashairi, ngoma, mavazi na ada za harusi. Leo naomba ruhusa yao nizungumze juu ya boneti ya gari. Asistaajabu mtu. Ikiwa nakshi za milango ya Lamu ni utamaduni, na ikiwa ujuzi wa maseremala wa majahazi wa Matondoni ni utamaduni, basi kazi ya fundi wa Kisumu anayekata bati kwa tindo na msumeno ili injini ipate kupumua ni utamaduni vile vile. Tofauti ni kuwa seremala wa jahazi tumemsifu mpaka tumechoka, ilhali fundi wa bati hatukumsifu wala hatukumkosoa. Na sanaa isiyokosolewa haikui.

Ninalotaka kulisema ni moja. Gari lichemkalo aghalabu haliponi kwa kuongezewa tundu la kuingizia hewa. Hupona kwa kusafishiwa njia ya hewa kupita na kutoka. Na mtu akatae bati lake bila ya kujua upepo waelekea wapi huharibu mali, na mali hiyo mara nyingi ndiyo riziki ya watoto wake.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Mji wa Kisumu uko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Atokaye hapo kwenda Kericho huvuka tambarare ya Ahero yenye mashamba ya mpunga, jua likiwa utosini, kisha huanza kupanda. Katika mwendo wa kilomita 80 hivi atakuwa amepanda hadi karibu mita 2,000. Maji ambayo Mombasa huchemka kwa digrii 100, Kisumu huchemka kwa digrii 96 hivi, na Kericho kwa digrii 93 hivi. Hewa nayo hupungua uzito kadiri mtu apandavyo, hata ikifika Kericho imekuwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Basi gari lililopakia hujikuta katika hali ya mtu anayepandishwa ngazi na gunia begani huku amezibwa pua: injini yafanya kazi kwa nguvu zake zote, mwendo ni mdogo, upepo wa mbele ni haba, na hewa yenyewe ni nyepesi. Hapo ndipo mshale wa joto hupanda, na ndipo utakapoyaona magari yamesimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukifuka.

Njia hii ina historia yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, abiria wa baina ya Kisumu na Nairobi waliyajua sana magari ya Peugeot, 404 na baadaye 504, ambayo watu waliyaita Pijo. Hayakupata sifa bure. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalishindwa na 404 katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Na mtu aliyeshinda mwaka 1965 kwa gari la Volvo, Joginder Singh, alizaliwa papo hapo Kericho mwaka 1932, naye alikuwa makanika kabla ya kuwa bingwa. Gari alilolishindia halikutoka kiwandani mwaka ule. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano, kisha likatengenezwa upya. Nayataja haya ili tusidhani kuwa kufufua gari kuukuu ni kazi ya watu duni. Ni kazi iliyowahi kuwashinda wenye viwanda.

KIJANA WA KALOLENI

Kisumu pia kuna Kaloleni, na wenzetu wa Kilifi wasifikiri jina hilo ni lao peke yao. Ni mtaa ambao Uislamu na Kiswahili vimekaa kwa miaka mingi. Nilipopita huko nilimkuta kijana mmoja aliyekuwa akifufua Pijo 504 ya kubebea mizigo nyuma ya nyumba ya mama yake. Nia yake ilikuwa kupeleka samaki na omena (hao tuwaitao dagaa) kutoka ufukoni mpaka Kericho alfajiri na mapema. Akiba yake yote ilikuwa katika gari lile. Injini alikuwa ameifungua na kuifunga mwenyewe, na ilikuwa ikinguruma vizuri. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: ikifika kwenye mlima huchemka.

Dawa aliyoifikiria ndiyo waifikiriayo wengi. Alikuwa amekata tundu kubwa katikati ya boneti, akalichomelea mdomo wa bati ulioelekea mbele, kama wa magari ya mashindano yaonekanayo katika picha. Tena aliinua boneti kwa nyuma, karibu na kioo, kwa kutia vipande vya chuma chini ya bawaba, ili joto litoke. Akaniambia, "Ustadh, sasa hewa inaingia kila mahali, lakini bado inachemka."

Jirani yake, mzee wa Kijaluo aliyetumia umri wake katika gereji, alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsikiliza. Kijana alimwita Jaduong', kama ilivyo adabu ya huko kumwita mtu mzima. Mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, umesema mwenyewe. Inaingia kila mahali. Sasa niambie inatoka wapi."

Katika swali hilo dogo mna elimu yote ya jambo hili.

Sisi wa Pwani tusingepaswa kufundishwa. Nyumba zetu za kale zilijengwa na watu walioujua upepo. Kaskazi ikivuma au kusi ikivuma, chumba chenye dirisha moja huwa tanuri, hata dirisha hilo likiwa kubwa kama mlango. Upepo hufika dirishani ukasimama, kwa sababu chumba kimekwisha kujaa hewa isiyo na pa kwendea. Fungua tundu dogo upande wa pili, au uache ua katikati ya nyumba, mara moja shuka za kitandani zitaanza kupepea. Rejeta ni dirisha la mbele. Chumba cha injini ndicho chumba. Usipoweka dirisha la pili, panua la kwanza upendavyo, hutapata baridi.

Na watu wa ziwani nao wana mfano wao. Mtazame ngege, samaki wao mashuhuri. Maji huingia kinywani na kutokea mashavuni, na katika kupita huko ndiko samaki hupata pumzi. Ukimziba mashavu atakufa ndani ya maji, kinywa wazi. Tundu lile la kijana lilikuwa kinywa cha pili kwa samaki asiye na mashavu. Vibaya zaidi, hewa iliyoingia kwa juu ililigandamiza joto lililokuwa likijaribu kutoka nyuma ya rejeta, ikalizuia.

JUU YA BATI UPEPO HAUKO SAWA

Wengi hudhani kuwa gari liendapo, upepo hulilemea bati sawasawa kila mahali. La hasha. Mbele kabisa, penye taa na rejeta, mgandamizo ni mkubwa. Upepo unapopinda kuipanda boneti, katika sehemu ya mbele ya boneti yenyewe, huenda kwa kasi na mgandamizo hupungua, hata bati likawa kama lanyonywa kwa juu. Ukifika chini ya kioo cha mbele hugonga kioo, hupunguza mwendo, na mgandamizo hupanda tena. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari huweka matundu ya kuingizia hewa ya abiria pale pale chini ya kioo: wanajua kuwa hapo hewa yataka kuingia.

Sasa msomaji aweza kuona kosa la kuinua boneti kwa nyuma. Gari likisimama, au likipanda mlima polepole sana, joto hupanda kwa asili yake na litatokea hapo. Faida hiyo ipo, nami siikatai. Lakini likishika mwendo, hewa ya chini ya kioo huingia ndani badala ya ya ndani kutoka, ikaenda kupingana na ile itokayo kwenye rejeta. Mwenye gari huona liko baridi mbele ya nyumba yake, kisha likachemka safarini, asijue kwa nini. Tena boneti iliyotolewa mahali pake, bawaba zikiwa juu ya vipande na komeo halishiki sawasawa, yaweza kufunguka kwa upepo na kumziba dereva macho. Hapo hatuzungumzii tena injini. Twazungumzia roho za watu.

Mahali pa kutoboa, ikiwa ni lazima kutoboa, ni katika sehemu ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, kule bati linakonyonywa. Na tundu lisiwe moja kubwa. Liwe safu ya mipasuko membamba yenye midomo iliyoelekea nyuma, mfano wa mashavu ya samaki. Upepo upitao juu yake huivuta hewa moto itoke. Mbavu zilizo chini ya boneti zisikatwe, kwa kuwa ndizo zinazoishika isitetemeke. Na kwa kuwa mvua za Kisumu huja jioni kwa ngurumo na kishindo, chini ya mipasuko itiwe bati jembamba la kuyapeleka maji pembeni, yasimwagikie nyaya za plagi.

Viwanda vyenyewe vilipita njia hiyo. Volkswagen ile ya kobe, iliyoshinda Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962, injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kiliongeza mipasuko katika kifuniko cha injini cha gari hilo. Lakini angalia hekima iliyomo: hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini zimetengwa kwa mabati na mipira pembezoni mwa injini. Wako watu waliozoea kukiacha kifuniko kile wazi kwa kijiti, na huku mipira imekwisha kuoza na kuanguka. Feni ikawa yavuta lile lile joto lililokwisha kutupwa. Ni kama mtu anayejipepea kwa moshi wa jiko lake mwenyewe.

UZI KABLA YA TINDO

Mzee wa Kaloleni hakumwambia kijana akate popote. Alimtuma dukani kununua uzi wa sufu. Wakakata vipande vya urefu wa kidole, wakavibandika kwa gundi ya karatasi juu ya boneti safu kwa safu, na vingine pembezoni mwa lile tundu na kwenye ule ufa wa chini ya kioo. Kisha kijana akaendesha, na rafiki yake akatazama kutoka gari jingine kando yake, katika njia isiyo na msongamano. Nyuzi za mbele zililala sawasawa kuelekea nyuma. Za ufani chini ya kioo ziliingizwa ndani. Uzi hausemi uwongo. Baharia hufunga kitambaa mlingotini kwa sababu iyo hiyo, na tanga la pembe tatu ambalo hata leo hulionekana juu ya ngarawa za ziwani ni ushahidi kuwa elimu ya upepo ilikwisha kusafiri kutoka Pwani mpaka huko zamani, pamoja na wafanya biashara wetu wa karne ya 19.

Hata hivyo mzee hakuanza na boneti. Aliuliza mambo mengine kwanza, nami nayaandika kwa mpango wake kwa sababu yana faida kwa kila mwenye gari kuukuu, wa Kisumu au wa Kisauni.

Aliuliza kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima huyafungia maji kwa mgandamizo yasichemke upesi. Chenye mgandamizo wa baa 1 hukipandisha kiwango cha kuchemka kwa digrii 20 hivi. Kifuniko chenye mpira uliokufa huipoteza faida hiyo yote, na hapana tundu la boneti litakaloirudisha. Lakini asikifungue mtu wakati wa moto. Maji yale yakiruka huchuna uso.

Aliuliza rejeta yenyewe. Kule ziwani hutokea mawingu ya vidudu vidogo yanayoonekana kwa mbali kama moshi juu ya maji. Gari likipita ndani yake, vidudu hujaa katika mapezi ya rejeta, juu yao likaja vumbi, pakawa na udongo. Rejeta ya namna hiyo huoshwa kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kuelekea mbele, mpaka mwangaza uonekane ukipenya. Ndani nako, maji yoyote yaliyotekwa ufukoni na kumiminwa huacha tope na kutu.

Aliuliza feni, au panka kama tuitavyo sisi, na lile duara la bati au plastiki linaloizunguka. Magari mengi kuukuu yamepotelewa na duara hilo. Fundi mmoja alilivua ili apate nafasi ya mkono wake, wala hakulirudisha. Bila hilo feni huzungusha hewa ile ile mahali pamoja, haiivuti kupitia rejeta. Na Pijo zile feni zake zilishikwa kwa sumaku ya umeme, ikaanza kuzunguka maji yanapopata moto. Sumaku ikifa, feni hulala usingizi na mwenye gari hulaumu rejeta.

Aliuliza nafasi zilizo kando ya rejeta. Hewa ni kama maji: hufuata njia nyepesi. Pakiwa na upenyo baina ya rejeta na bodi, hewa itapita hapo na kuiacha rejeta kavu. Kipande cha bati na mpira wa tairi la baiskeli vyatosha kuuziba. Kadhalika bati la chini ya injini, ambalo wengi hulitupa, huwekwa kuiongoza hewa. Tusilione kuwa ni takataka. Na taa za ziada na mapambo yaliyofungwa mbele ya rejeta ni kitambaa puani mwa gari.

Mwisho aliuliza themostati. Kijana akajibu kwa fahari kuwa aliing'oa siku nyingi. Mzee akatikisa kichwa. Katika injini nyingi chombo hicho pia huifunga njia ya mkato ya maji. Kikitolewa, sehemu ya maji huzunguka injini bila ya kufika kwenye rejeta. Asubuhi injini hukaa baridi mno ikala mafuta na kujisaga, na mlimani huchemka kama kawaida.

KIPIMO NI AMANA

Tulipokuwa wadogo chuoni tulisomeshwa Sura Saba, na maalim alitueleza kisa cha Nabii Daudi, amani iwe juu yake, aliyelainishiwa chuma na Mwenyezi Mungu akaamrishwa kutengeneza nguo za vita. Lililonibakia moyoni ni kwamba pamoja na muujiza ule wote aliamrishwa kupima. Chuma kilikuwa laini mikononi mwake, na bado hakuachiwa kukikata kwa kubahatisha. Sisi ambao chuma chetu ni kigumu, na bati letu ni la kununua, tuna haki gani ya kutopima?

Neno hili nawaambia vijana wanaofufua magari nyuma ya nyumba zao, na nawaambia pia wakubwa. Mafundi wa jua kali, jina walilopewa kwa kufanya kazi pasipo na paa, wameyaweka magari ya nchi hii njiani kwa miaka mingi kwa nyundo na akili. Lakini elimu yao hukaa katika vichwa vya wazee mmoja mmoja, na mzee akifa huenda nayo kaburini. Vyuo vya ufundi vya Kisumu na Mombasa vina walimu wenye vitabu. Ingefaa viwakaribishe wazee kama yule, wakae mbele ya wanafunzi na uzi wao wa sufu, na atafutwe mtu wa kuyaandika maneno yao kwa Kiswahili ambacho mwanagenzi atakielewa. Twahifadhi majina ya kila ubao wa jahazi. Nani anahifadhi maneno ya gereji?

Kijana alilitoa lile tundu la mdomo wazi na kuliziba, akairudisha boneti kwenye bawaba zake. Alinunua kifuniko kipya, akasafisha rejeta, akatengeneza duara la feni kwa bati la pipa, akaziba nyufa za kando, akarudisha themostati. Baada ya hayo alipanda Kericho na mzigo, na mshale haukufika penye wekundu. Ile mipasuko ya mashavu aliyokuwa ameichora kwa chaki hakuikata, kwa kuwa haja yake ilikuwa imekwisha. Huo nao ni ufundi: kujua lini usikate.

Basi ndugu yangu mwenye gari kuukuu, kabla hujashika tindo, shika uzi. Uzi ukikosea waweza kuubandua. Bati likishakatwa halishonwi kama kanzu.